Uzi maalumu: Mzungu, mundele, murungu, lekgoa. Majina ya watu weupe katika lugha za Kibantu, asili yake na ngeli zake

#1 ShahaWaNgeli

Wakuu, salaam. Swali la asili ya neno Mzungu hurudi hapa kila baada ya muda, na jibu huwa lile lile: wapelelezi wa zamani walipotea njia, wakawa wanazunguka, basi wakaitwa wazungu. Jibu hilo lina punje ya ukweli ndani yake ila limebebeshwa mzigo usio wake. Naomba safari hii tuliangalie neno kwa sarufi, kwa historia na kwa lugha jirani.

Nianze na sarufi. Zunguka na zungusha ni jozi moja, kama geuka na geuza, pinduka na pindua. Ukivua viambishi, kinachobaki ni shina zung-. Sasa Kiswahili kina njia zake za kumtaja mtenda jambo: pika hutoa mpishi, andika hutoa mwandishi, soma hutoa msomaji. Mwenye kuzunguka, kwa njia hiyo, ni mzungukaji. Kwa hiyo huwezi kusema tu kwamba "mzungu ni mtu anayezunguka" ukafunga kitabu. Mzungu, zunguka, zungusha na kizunguzungu ni ndugu wa shina moja. Mmoja hakumzaa mwenzake.

Na kuna ndugu mwingine ambaye vijana wengi hawamjui: mzungu wa wingi mizungu. Huyu si mtu. Ni jambo la ajabu, ujanja, mbinu, ufundi unaomwacha mtazamaji mdomo wazi. Kamusi ya Johnson ya 1939 inayaweka maneno haya mawili mbali mbali, moja la wa- na moja la mi-, na ndivyo inavyopaswa. Ushahidi wake umo katika methali: *Mzungu wa kula hafundishwi mwana*. Wapo wanaoisoma wakidhani inamzungumzia mtu wa Ulaya aliyekaa mezani. Hapana. Maana yake ni kwamba mtoto hafundwi mbinu ya kula, ataijua mwenyewe. Mizungu pia ni yale mafunzo ya siri ya unyagoni: nyimbo, mafumbo na ishara ambazo kungwi humfunulia mwari.

Kwa mtazamo wangu, hapa ndipo pa kutafuta. Mtu aliyekuja na merikebu ya milingoti, saa ya mfukoni, darubini na bunduki, kwa masikio ya mtu wa pwani ni mtu wa mizungu. Maana ya kuzunguka ipo, lakini ni kuzunguka kwa kichwa cha mtazamaji zaidi kuliko kwa miguu ya mgeni.

#2 Mtafiti_Kigamboni

Mkuu nimekuelewa kwenye sarufi. Lakini hao wapelelezi kweli walikuwa wanatembea miaka nenda miaka rudi bila kutulia. Huoni kwamba jina linawakaa?

#3 BaharazaKale

Linawakaa, ila tarehe zinakataa.

Watu wa pwani yetu walianza kuwaona Wareno mwaka 1498, Vasco da Gama alipopita Mombasa na kutia nanga Malindi. Ngome ya Mombasa ilianza kujengwa 1593. Waomani wakaiteka 1698. Hiyo ni miaka 200 ya kupigana, kufanya biashara na kuishi mji mmoja na watu weupe, kabla hata babu za wapelelezi hawajazaliwa. Ukiteremka kusini hadi bonde la Zambezi, wenye mashamba makubwa ya Kireno waliitwa muzungu huko, na walikuwa wamekaa mahali pamoja vizazi kadhaa, na mashamba yao, majeshi yao na watumwa wao. Hawakuwa wazururaji hata kidogo.

Mmisionari Krapf alifika Mombasa 1844. Wapelelezi Burton na Speke walianza safari ya bara mwaka 1857, na maandishi ya Burton mwenyewe yamejaa neno Wazungu, na nchi yao anaitaja kuwa ni Uzungu. Yaani alilikuta. Jina haliwezi kuwa limetokana na mwendo wa mtu ambaye alipofika alikuta tayari linamsubiri forodhani.

Na hapo Zambezi kuna jambo la kushika: muzungu wa kule hakuwa lazima mweupe. Baada ya vizazi vya kuoana na wenyeji, wengi wao walikuwa machotara, wengine weusi kabisa, na bado waliitwa hivyo kwa sababu ya cheo, mali na namna ya kuishi. Ndiyo maana hata leo nchi nyingi mtu anaweza kuitwa mzungu kwa sababu ni tajiri, ni bosi, au ndiye mlipaji wa mishahara. Kishona murungu, na Kizulu umlungu, hutumika kwa mwajiri bila kuangalia rangi yake.

#4 Mukami_Isimu

Naongezea upande wa bara la Kenya, maana sauti za neno zinaonyesha njia liliyopita.

Kikuyu wanasema mũthũngũ, wingi athũngũ, na Kiingereza ni gĩthũngũ. Wengine hudhani ni neno la asili la Kikuyu lenye undugu wa mbali na la Kiswahili. Si hivyo, ni la kuazima, na dalili ni hiyo *th*. Kikuyu hakina *s* wala *z*, kwa hiyo maneno yaliyotoka pwani na sauti hizo huvaa *th*: saa ni thaa, sabuni ni thabuni, sigara ni thigara, basi ni mbathi. Mũthũngũ limepita mlango huo huo.

Waluhya wanasema omusungu, abasungu. Wakamba asungu. Wabemba wa Zambia umusungu, abasungu, kwa kuwa lugha yao haina *z*. Ukiona *s* au *th* mahali ambapo Kiswahili kina *z*, jiulize kwanza kama lugha hiyo inayo *z* hata kidogo. Ikiwa haina, basi usijenge nadharia ya asili juu ya sauti hiyo, ni nguo ya kuazima tu iliyokatwa kulingana na mwili.

Lugha zenye *z* zililiacha kama lilivyo. Kiganda ni omuzungu, abazungu, na Kiingereza ni Oluzungu. Kinyarwanda na Kirundi ni umuzungu, abazungu. Kichewa ni mzungu na wingi azungu, maana wao hutumia a- pale sisi tunapotumia wa-. Visiwa vya Ngazija hadi Mayotte ni mzungu pia, na Mayotte ndilo jina la kila siku la Mfaransa aliyetoka Ufaransa bara.

Ukichora ramani ya lugha hizo utapata karibu ramani ya misafara: Bagamoyo hadi Tabora hadi Ujiji, kisha kaskazini hadi Buganda na magharibi hadi Manyema. Wapagazi na wafanyabiashara ndio waliolisambaza.

Kitu kimoja nje ya Kibantu kinachonivutia sana: Wamaasai husema ilashumpa, umoja olashumpai. Wakalenjin husema chumbek, umoja chumbindet. Na Wakikuyu wa zamani walikuwa na neno Acomba kwa watu wa pwani na wageni wa huko. Hayo matatu yanafanana mno kuwa bahati nasibu. Bara la Kenya lilikuwa na jina lake la "watu wa kutoka baharini" ambalo lilimhusu Mswahili na Mwarabu kwanza, na mtu mweupe alipofuata barabara ile ile akarithi jina lile lile.

#5 Inyange_Kigali

Habari zenu. Rwanda kuna maelezo mengine ambayo watu huyapenda: kwamba umuzungu limetoka kwa *kuzungura*, yaani kurithi au kushika nafasi ya mtu, kwa kuwa Wazungu walikuja wakashika nafasi ya watawala wa Kinyarwanda. Mnaonaje? Mashuleni yanarudiwa sana.

#6 ShahaWaNgeli

Dada Inyange, kuzungura ni neno la kweli na maana yake ni hiyo. Lakini nadharia inaanguka kwa sababu mbili. Kwanza, neno lile lile na maana ile ile lipo Malawi, Msumbiji, Ngazija na Buganda, ambako hakuna kitenzi hicho chenye maana ya kurithi. Ukilieleza kwa Kinyarwanda peke yake, umewaacha wote hao bila maelezo. Pili, neno liliwatangulia: pwani lilikuwepo kabla Mjerumani hajafika Rwanda, hajarithi chochote.

Ni kawaida ya lugha: neno geni likiingia, wenyeji hulitafutia jamaa nyumbani. Hata abazunguzayi, wale wachuuzi wa mitaani Kigali, nimeona mtu akiwaunganisha na abazungu. Wachuuzi wale wametokana na kuzunguza bidhaa. Hawana habari na Ulaya.

#7 Tate_Lubumbashi

Wandugu, niongeze ya Kongo, kwa sababu kwetu mipaka miwili inakutana.

Mashariki na kusini, Kivu mpaka Katanga, Kiswahili chetu kinasema muzungu, bazungu. Ukivuka kuelekea magharibi unaingia katika mundele: Kilingala mundele, mindele, Kikongo hivyo hivyo, Kimbundu cha Angola pia. Ukisogea Angola ya kati, Kiumbundu ni ocindele, ovindele, na Waluvale wana chindele. Shina ni -ndele, halina undugu na -zungu. Mpaka kati ya hayo mawili ni mpaka wa biashara: upande mmoja watu waliokuja kwa barabara ya Unguja, upande wa pili waliokuja kwa mto na kwa bandari za Wareno wa Atlantiki.

Jina la nchi yao linashuhudia hivyo hivyo. Nyinyi mna Ulaya, ambalo ni *wilaya* la Kiarabu. Waganda wana Bulaaya, Wanyarwanda Burayi, wote wamelichukua kwenu. Kikongo ni Mputu, yaani Ureno, maana Wareno ndio walifika mdomo wa mto Kongo katika miaka ya 1480. Kilingala kikalifanya Poto, na hadi leo kijana wa Kinshasa aliye Brussels au Paris yuko Poto, ingawa hajawahi kuiona Lisbon.

Mtu akisema *mundele ndombe*, Mzungu mweusi, zama za Wabelgiji ilikuwa mtu mweusi mwenye elimu na maisha ya Kizungu. Lilisemwa kwa sifa na pia kwa uchungu, inategemea kinywa.

Na msilichanganye jina la rangi na jina la serikali. *Bula Matari*, mvunja mawe, lilikuwa jina alilopewa mpelelezi Stanley alipokuwa akipasua njia huko chini ya mto, kisha likageuka jina la dola lenyewe na kila afisa wake. Mzee akisema Bula Matari amekuja, hakuwa anamaanisha mtu mweupe yeyote. Mmisionari alikuwa mundele lakini hakuwa Bula Matari.

#8 Juma_wa_Kondoa

Wakuu mimi nina la kusini. Nimesoma mahali kwamba Wazulu na Washona waliwaita Wazungu *mulungu* kwa sababu waliwadhania kuwa ni miungu. Na huku kwetu Mulungu ni Mungu, Wagogo wanasema, Wasambaa wanasema, Wagiriama pia. Si ndiyo hiyo hiyo?

#9 Chipo_naManeno

Hapana ndugu Juma, na naomba hili tulikemee kwa nguvu kwa sababu linaenezwa kila siku na linawavunjia heshima mababu zetu.

Angalia usambazaji wake. Mulungu kwa maana ya Mwenyezi lipo Tanzania, Kenya, Malawi na sehemu za Msumbiji. Kiswahili chenyewe kimelipata humo: Mulungu ikapoteza *l* ikawa Muungu, kisha Mungu. Katika lugha hizo, mtu mweupe haitwi mulungu. Wachewa wana Mulungu kwa Mungu na mzungu kwa mtu mweupe, yote mawili katika lugha moja, hayagongani.

Sasa nenda kusini. Kizulu na Kixhosa ni umlungu, wingi abelungu. Kitsonga mulungu, valungu. Kishona murungu, varungu, na *r* hapo ni ile *l* ya Wazulu, kwa kuwa Kishona hakina *l*. Je, wanamwita nani Mungu? Wazulu uNkulunkulu, Wazulu na Waxhosa wote uThixo makanisani, Washona Mwari, Watsonga Xikwembu. Hakuna kati yao anayemwita Mungu umlungu au murungu. Yaani kule neno linapomaanisha Mungu halimaanishi mtu mweupe, na kule linapomaanisha mtu mweupe halimaanishi Mungu. Kufanana ni kwa sauti tu. Anayesema waliabudiwa ameunganisha lugha mbili ambazo watu wake hawakukaa kijiji kimoja.

Mtafsiri wa dini anayetoka Malawi kwenda kwa Watsonga ajihadhari sana hapa. Akiandika "Mulungu amesema", msomaji wa Kitsonga ataelewa kuwa bosi wake mweupe amesema.

Wanafunzi wa Kizulu nao washike: wingi ni abelungu, si abalungu. Ni kundi dogo la maneno ya watu wa mataifa, mwenzake ni abeSuthu. Na AbeLungu kwa herufi kubwa, pwani ya Wampondo, ni ukoo wa kweli, uzao wa manusura wa merikebu zilizovunjika huko. Ni watu weusi, Waxhosa kwa lugha na mila.

Kuna familia nyingine kusini. Kitswana lekgoa, makgoa. Kisotho wanaandika lekhooa, makhooa. Wavenda wana mukhuwa. Walozi husema makuwa na Kiingereza ni Sikuwa. Watonga wa Zambezi wana mukuwa na Cikuwa. Hili ni shina tofauti kabisa na -lungu, na mtu asijaribu kulibana likawa -zungu. Na Wamakhuwa wa Msumbiji kaskazini, ingawa wamekaa kati ya majirani wote wa -zungu, wao husema mukunya, akunya.

#10 ShahaWaNgeli

Dada Chipo ametugusa pale ninapopapenda, ngeli. Naomba nikae hapa kidogo, maana ngeli husema mambo ambayo shina halisemi.

Sisi, Waganda, Wanyarwanda na Wazulu tumemweka mtu mweupe katika ngeli ya watu, m-/wa-. Batswana hawakumweka humo. Mtswana ni *Mo*tswana, *Ba*tswana. Lakini mtu mweupe ni *le*kgoa, *ma*kgoa, ngeli ile ya *le-/ma-* ambayo kwetu ni ji-/ma-. Mjerumani ni Lejeremane, Kaburu ni Leburu. Wageni wanakaa katika chumba chao.

Herero wa Namibia wamekwenda mbali zaidi: *otji*rumbu, *ovi*rumbu. Hiyo ni ki-/vi- yetu, na shina -rumbu ni rangi ya manjano iliyopauka. Wandonga jirani zao wana oshilumbu, iilumbu. Kiumbundu *oci*ndele ni ngeli hiyo hiyo. Kwa Kiswahili ungekuwa unasema kitu kama "kipauka, vipauka".

Hapa wengi hukimbilia kusema ni dharau, wamemfanya kitu. Polepole. Hata sisi tuna kiongozi, kijana, kinyozi na kipofu katika ki-/vi-, na upatanisho wake ni wa watu: kiongozi amefika, viongozi wamefika. Ngeli peke yake haitoshi kuhukumu, lazima uangalie upatanisho na mazingira. Kilingala nacho: mundele, mindele, umbo la m-/mi- kama mti na miti. Lakini kitenzi chake ni cha watu, *mindele bayei*, Wazungu wamekuja. Sisi tunalo la kufanana kabisa: mtume, mitume, na tunasema mitume walikuja, hatusemi mitume ilikuja.

Kwa Kiswahili dharau au ukubwa huja ukitoa neno kwenye m-/wa- ukalitia ji-/ma-. *Zungu*, *mazungu*, hilo limekusudiwa. *Zungu la unga* kwa Tanzania ni mfanyabiashara mkubwa wa dawa za kulevya, na hapo hakuna rangi, kuna ukubwa na utajiri tu.

#11 Mama_Tafsiri

Nina swali la kazi. Ninapokea nyaraka za mashirika na maneno yao yanasumbua: mtu wa Ulaya, mtu mweupe, mgeni, mtaalamu kutoka nje, mtu wa Magharibi. Wengi huandika "mzungu" kote. Je, ni sawa?

#12 Mhariri_Mstaafu

Si sawa, Mama, na ndiyo kosa kubwa la tafsiri za siku hizi.

Mzungu ni jina la asili na rangi. Halitaji uraia. Mkenya mweupe aliyezaliwa Naivasha ni Mzungu na ni Mkenya, si mgeni. Mjapani, Mchina na Mhindi ni wageni lakini si Wazungu. Kwa hiyo waraka unaposema mtu asiye raia, andika mgeni au raia wa kigeni. Fomu ya uhamiaji ikiandikwa "Mzungu" mahali pa "mgeni", Mhindi na Mkongo watadhani haiwahusu. Mtaalamu aliyeletwa na mradi ni mtaalamu wa kigeni. Fikra au siasa za Ulaya na Amerika Kaskazini ni za nchi za Magharibi, kwa sababu Marekani kuna mamilioni ya watu wasio Wazungu. Mmarekani mwenye asili ya Afrika andika Mmarekani mweusi, hata kama kijijini watoto watamwita mzungu kwa sababu ya lafudhi na mavazi. Ukitaka Ulaya tu, bila Marekani wala Australia, sema watu wa Ulaya.

Herufi: Mzungu na Wazungu kwa herufi kubwa, kama Mhindi na Mwarabu. Mizungu kwa herufi ndogo daima. Kizungu kwa herufi kubwa kikiwa lugha, yaani Kiingereza kwa lugha ya mtaani, na kwa herufi ndogo kikiwa namna: dawa za kizungu, kuku wa kizungu, saa za kizungu. Hiyo ya mwisho isikupite. Saa moja ya kizungu ni saa saba yetu, na tangazo la mkutano lisiloeleza limewapoteza watu wengi. Katika waraka rasmi usitumie Kizungu kumaanisha Kiingereza, maana Kifaransa na Kireno navyo ni vya Wazungu. Kimombo, ung'eng'e na ngeli ya Wakenya (hapa ni jina la mtaani la Kiingereza, si ngeli ya sarufi) viache mtaani.

Na jambo moja naliomba kwa moyo wote: usimwite mtu mwenye ualbino mzungu, wala usiache neno hilo katika tafsiri kama utani. Mitaani linatumika, na wenyewe linawaumiza kwa kuwa linawaambia si wa hapa, wakati ni watoto wa hapa. Zeruzeru nalo liache. Andika mtu mwenye ualbino, wingi watu wenye ualbino.

#13 Mtafiti_Kigamboni

Safi sana. Na majina ya mataifa yao je? Mreno, Mdachi, Kaburu. Babu zetu walikuwa wanatofautisha vizuri kuliko sisi.

#14 BaharazaKale

Walitofautisha kwa sababu kila mmoja alikuja na jambo lake.

Mreno linatokana na *reino*, ufalme kwa Kireno. Watu wa pwani walisikia mabaharia wakitaja ufalme wao, wakawaita hivyo. Majina kadhaa ya wengine yalipitia Kireno vile vile: Mwingereza, Mholanzi. Mfaransa na Myunani yamepitia Kiarabu. Mmarekani aliingia na kitambaa: mkataba wa Marekani na Sultani wa Muscat na Unguja ulitiwa saini 1833, na shuka zao za pamba isiyopaushwa ziliuzwa mpaka bara kwa jina la marekani. Kuna watu waliovaa marekani maisha yao yote bila kumwona Mmarekani hata mmoja.

Mdachi ni *Deutsch* yenyewe ilivyosikika. Mjerumani limekuja kupitia Kiingereza, na baada ya Waingereza kuitwaa Tanganyika ndilo likashika vitabuni. Wanyarwanda walibaki na la kwanza: Umudage, na nchi ni Ubudage. Mbelgiji kwao ni Umubiligi.

Kaburu, wingi Makaburu, ni wale wakulima wa Afrika Kusini wenye asili ya Kiholanzi. Mlinganishe na Leburu ya Kitswana na iBhulu ya Kixhosa, ni jina lile lile walilojiita wenyewe. Kenya waliingia Uasin Gishu mwaka 1908 na magari ya ng'ombe, kule ambako mji wa Eldoret uliitwa Sisibo kutokana na namba ya shamba, 64, yaani sixty-four kwa Kiingereza. Tanzania neno lilipata uzito wa siasa: redio ikisema *serikali ya Makaburu* kila mtu alijua ni utawala wa ubaguzi wa rangi. Kosa la leo ni kumwita kila Mwafrika Kusini mweupe Kaburu. Mwenye asili ya Kiingereza si Kaburu.

#15 Juma_wa_Kondoa

Asanteni wakuu, hasa dada Chipo. Swali la mwisho: Uzunguni za mijini, Dodoma na Mbeya, zinatokana na Uzungu ile nchi aliyoitaja Burton?

#16 BaharazaKale

Umbo ni moja, matumizi ni mawili. Uzungu wa misafara ulikuwa nchi, kama Ugogo na Unyamwezi. Ulaya likaja likaiondoa. Uzunguni wa mjini ni u- ya mahali pamoja na -ni, na ulizaliwa na mipango miji ya kikoloni: Uzunguni upande wa upepo na miti, Uhindini penye maduka, Uswahilini kwa waliobaki. Majina hayo matatu husomwa pamoja. Ukipata ramani ya zamani ya mji wowote wa Tanganyika, tafuta kwanza Uhindini, kwa kawaida ipo kati ya mbili hizo.

#17 Kazungu_Kilifi

Na jina Kazungu, kwa sisi Wagiriama? Mtu wa bara akilisikia hudhani ni utani.

#18 ShahaWaNgeli

Ni ka- ya udogo juu ya -zungu, mzungu mdogo. Ka- hiyo Kiswahili cha kawaida kimeipoteza, kikabaki na ki-: kitoto, kijiti. Kigiriama bado wanayo, na Kinyarwanda kina *akazungu* kwa umbo hilo hilo. Likiwa jina la mtu ni la heshima na lipo katika koo nyingi za Kilifi na Malindi, kwa hiyo upatanisho wake ni wa mtu tu: Kazungu amefika. Mhariri asilitenganishe, asilitafsiri, na asiliandike kwa herufi ndogo.

Wenye Kihaya, Kinyakyusa na Kimakonde bado hawajafika kwenye uzi. Leteni umoja, wingi na jina la lugha, na mtaje kama lugha yenu ina *z*.